Kumrekodi Honi

Jumanne, 4 Machi

Daktari amesema kikoromeo cha Mama kitolewe. Hakusema huenda, wala hakusema tusubiri tuone. Alichora shingo ya mtu nyuma ya karatasi ya vipimo, akapiga mstari, akasema uvimbe umekaa palepale sauti inapotokea na hauwezi kutolewa peke yake.

"Na sauti?" Mama akauliza.

"Vinatoka pamoja, mama yangu." Atakula, atatembea, atapumua kupitia tundu la shingoni, ataishi miaka yake. Kusema kama tulivyozoea ndiko hakutakuwepo.

"Lini?"

"Presha yako ikikaa sawa. Tumeweka Mei, tarehe kumi na tisa."

Mama akafunga mkoba wake, akamshukuru. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Haya. Kile kipindi changu sasa tukifanye kweli."

Nikaenda jikoni, nikafungulia bomba ili asinisikie ninavyolia.

Jumatano, 5 Machi

Niseme kwanza huyu Mama ni nani, maana hata mimi siku moja naweza kusahau.

Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nyuzi, ukumbi wa mashine za kusokota, mahali ambapo watu wawili wakisimama bega kwa bega hawasikilizani. Yeye alisikika. Alikuwa akimwita mtu aliye mwisho wa ukumbi na yule mtu anageuka. Wakamwita Honi. Kiwanda kilifungwa zamani, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, jina likabaki. Hata kaka yangu akipiga simu anauliza, "Honi hajambo?" Nyumba yetu haijawahi kuwa na siri, kwa sababu Mama akinong'ona jirani anaitikia.

Mwaka jana nilimfungulia podikasti kwenye simu yangu wakati anapiga pasi. Alisikiliza mbili tatu, akasema, "Hawa wanaongea kama waliotoka usingizini. Nipe mimi kipindi uone." Tukawa tunataniana, Kipindi cha Honi, kitaanza lini, nani atakuwa mgeni wa kwanza. Ulikuwa utani tu wa watu wawili wanaoishi pamoja.

Mimi ni mpiga picha. Si wa harusi. Ni wa zile picha ndogo za pasipoti na vitambulisho: chumba kimoja, kiti cha kuzunguka, shuka nyeupe, taa mbili. Kazi yangu ni kuamrisha watu. Inua kidevu, usitabasamu, masikio yaonekane. Wakiona picha wanalalamika kwamba huyu si wao. Nawajibu kwamba kamera haidanganyi, wanachukua picha zao wanaondoka wamenuna.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu kumrekodi kwa simu. Anasikika kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa, na nyuma yake yumo fundi wa kuchomelea vyuma, kuku wa jirani na bati letu linalolia kwa joto. Mwenye sauti moja tu iliyobaki hastahili pipa.

Nimeangalia video za wanaofundisha kuchagua maikrofoni. Wote wana vyumba vyenye sponji ukutani na maiki zinazoning'inia kwenye mikono mirefu kama ya daktari wa meno. Mmoja alisema yake ni ya bei nafuu kabisa. Nilipoona hiyo nafuu yake nikafunga simu. Mimi nataka ya kuchomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB, basi, isiyohitaji visanduku vingine vya kuongezea, na ambayo ikinunuliwa tutakula mwezi huu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata. Duka la vifaa vya sauti liko nyuma ya stendi, na mwenye duka watu wanamwita Moja Mbili, kwa sababu kutwa nzima ndiyo habari yake: moja mbili, moja mbili, kwenye kila spika anayouza.

"Ni ya kazi gani, dada?"

"Kumrekodi mama yangu."

"Anaimba?"

"Anafoka."

Akacheka, akaweka tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa kibanio cha kola. Nikaikataa, Mama hawezi kukaa bila kujipapasa kifuani, tungerekodi vifungo. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya kupendeza, bei ndogo kuliko zote. Akasema hiyo inasikia kila kitu kila upande, hata sisimizi akipiga chafya. "Nyumba yenu ya bati?" Ya bati. "Basi mvua ikianza utarekodi mvua." Ya tatu ilikuwa fupi, nene, ya kukaa mezani, kichwa cha wavu, ina kitufe cha kuongezea sauti na taa ndogo ya kijani. "Hii inasikia mbele tu. Nyuma ni kiziwi kabisa. Mbele mweke mama yako, nyuma iache mvua."

Alianza kunieleza namna ya kuiweka. Nikamwambia, "Kaka, mitambo ndiyo inanilisha, nifungie niwahi mvua." Akanifungia.

Jumapili, 9 Machi

Nimeiweka mezani katikati yetu, Mama kwenye kiti chake cha dirishani, mimi mkabala naye. Nikaigeuza vizuri: vitufe na taa upande wangu ili nione na kurekebisha, ule upande mtupu kwake. Nikajaribu. Moja mbili. Nilipojisikiliza sikuamini, nilikuwa kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mama mwenyewe akasema, "Hiyo ni sauti yako? Mbona nzuri?"

"Ni mashine, Mama."

"Basi mashine ina adabu kukushinda."

Nikamwambia aseme na yeye, ajisikilize. Akakataa. Anasema sauti ya mtu ni ya kusikiwa na wenzake, na yeye ya kwake atakuja kuisikiliza akishakuwa bubu, atakuwa na nafasi. Alisema hivyo huku anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Tulikuwa tuanze, lakini saa kumi mama mdogo akapiga simu, kama kila Jumapili. Mama ndiye aliyemlea huyu mdogo wake, wazazi wao walipokufa. Wakiongea hakuna anayesubiri mwenzake amalize. Mama mdogo anatoa habari za kwake huko mbali, Mama anatoa za kwake, zinapishana hewani, na bado kila mmoja anajua mwenzake kasema nini. Leo Mama alimwambia habari ya upasuaji. Kisha Mama akasema, "Usilie. Tuna Jumapili nyingi bado. Tutaongea mpaka unichoke."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hatukurekodi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mama amekaa mbele ya maiki amejifunga kitambaa cha kichwa kama anayesubiri gari.

Jumamosi, 15 Machi

Kipindi cha kwanza. Alisimulia siku aliyoingia kiwandani, alivyodhani mashine zimeharibika kwa ile kelele, akaomba msamaha akidhani yeye ndiye aliyegusa kitu. Nilicheka mpaka nikapangusa machozi.

Kwenye laptopu sauti inajichora kwa mistari. Nikisema mimi, ni milima. Akisema Mama, ni vichuguu. Nilishangaa. Nikamwambia, "Kaza kidogo, Mama." Akasema amekaza. Nikaongeza kitufe, nikaona milima yangu inagonga dari na vichuguu vyake vinabaki vichuguu.

Kumbe ugonjwa umeshamla kiasi hiki na mimi sina habari. Mimi namsikia, ndiyo, sauti imekwaruza lakini namsikia. Ila mimi ni mwanawe, nimemzoea. Mashine haina mama wa kumpendelea.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Vipindi viwili wiki hii. Nimejaribu kila hila: nimefunga dirisha, nimetundika mablanketi ukutani, nimemvuta karibu mpaka pua inagusa wavu. Vichuguu. "Kaza, Mama." "Nakaza, mwanangu." "Toa kifuani, si kooni." Akanitazama, akaniuliza kama na mimi nimekuwa daktari.

Akimaliza anakunywa maji ya vuguvugu na kushika shingo. Nimemuuliza kama inauma. Anasema kidogo.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua wiki nzima, wateja hakuna, shuka nyeupe imeota ukungu pembeni. Kaka amepiga kutoka safarini. Yeye ni dereva wa lori, huonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Kaongea na Mama, kisha akaomba simu nipewe mimi.

"Mbona namsikia vizuri tu?"

"Wewe humwoni kila siku."

"Sijasema namwona. Nasema namsikia."

Nikamwambia aendeshe gari lake. Yeye hajakaa mbele ya hii mistari.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nataka kuandika yote, kwa sababu hiki ndicho kisa nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo na sijui kama nimekipata.

Kulikuwa na msichana mgeni zamu ya Mama, amekuja na mtandio mrefu mzuri, kaambiwa auvue kasema atauvua. Mama alikuwa katikati ya ukumbi anaandika namba za mashine alipoona mtandio umenaswa kwenye roda, gurudumu la mashine. Swichi kubwa ilikuwa ukutani, mbali, na aliyekuwa karibu nayo alikuwa amewapa mgongo. Kukimbia asingewahi. Mama akamwita yule wa swichini jina lake. Mara moja tu. Anasema hakuwahi kuita hivyo kabla wala baada, siku tatu alitema mate yenye damu. Yule mtu akasikia, hakugeuka hata kuuliza, akashusha swichi. Ukumbi mzima ukanyamaza, na katika kile kimya wakamsikia yule msichana analia, yaani yuko hai. Ana alama shingoni mpaka leo. Ana wajukuu.

Sasa, katikati ya hicho kisa, mimi nilimkatiza mara nne. Kaza. Sikusikii. Rudia hapo kwenye swichi. Mara ya nne alirudia kwa nguvu kweli, mishipa imesimama, kisha akakohoa, akakohoa, akatema kwenye leso na kuifunga haraka nisione. Niliona. Nikatazama kwenye skrini, bado vichuguu.

Nilikasirika. Naandika kama ilivyo. Nilikasirika kana kwamba ananinyima kwa makusudi, mtu aliyesikika katika mashine mia na sasa hasikiki mezani pangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Hataki kurekodi. Nimemwacha.

Jumapili, 20 Aprili

Amekuja mwenyewe nyuma yangu nikiwa nasafisha sauti kwenye laptopu. Sikumsikia alivyosimama. Akauliza, "Hiyo milima ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hiyo ya chini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiri ni heshima kumwambia kweli. "Ni wewe, Mama. Sauti imekwisha. Ndiyo maana nakusumbua ukaze."

Akavuta kiti akakaa, akaitazama ile skrini muda mrefu. Kiwandani, akasema, walikuwa na geji ya mvuke. Ikisema presha imeshuka, imeshuka. Wewe unaweza kuona mashine zinakwenda, unaweza kusema mbona mambo sawa, lakini geji haimwonei mtu wala haimpendelei. "Na watu mnanisikiliza tu kwa huruma," akasema. "Mnajifanya mmesikia."

Nilimwambia si hivyo. Lakini nilisema bila nguvu, kwa sababu nilidhani ndivyo.

Saa kumi mama mdogo alipiga. Mama alisema naye maneno machache, akamwambia ana usingizi.

Jumapili, 27 Aprili

Simu ya mama mdogo imeita mpaka ikakatika. Mama alikuwa ameishika mkononi. Nikamuuliza mbona hapokei, akaiweka juu ya meza imelala kifudifudi. Ikaita tena, nikapokea mimi, nikasema amepumzika.

"Saa hizi? Honi?" mama mdogo akauliza.

"Dawa zinamlegeza, mama mdogo."

Alhamisi, 1 Mei

Hasemi tena. Si kwamba hawezi, nadhani. Asubuhi ananyoosha mkono kuomba chai. Jirani akimsalimia dirishani anapunga tu. Fundi wa kuchomelea amekuja kuuliza kama Honi yupo, anasema mtaa umekuwa mkubwa ghafla bila sauti yake. Mwanzoni nilidhani amenisusia mimi kwa yale ya kukaza. Leo nimemtazama akikunja nguo na midomo amebana, nikaelewa si hasira. Anaona haya. Mama yangu, ambaye aliwahi kumfukuza meneja ofisini kwake mwenyewe, anaona haya ya sauti yake.

Jumamosi, 3 Mei

Kaka amekuja. Mama alipomwona mlangoni ilimtoka, "Umekonda," kisha akafunga mdomo. Baada ya chakula kaka akanivuta nje, tukasimama chini ya ukingo wa paa, mvua inamwagikia viatuni.

"Amesema umekonda na nimesikia kutoka barabarani. Nyie mna nini humu ndani?"

Nikamwingiza, nikamfungulia laptopu, nikamwonyesha. Yangu, yake. Yangu, yake. Nikamwambia maneno yangu ya kila siku, kwamba kamera haidanganyi na hii ni hivyohivyo. Alikuna kidevu. Mwisho akasema, "Sisi tunasikia tunachotaka kusikia, eh?" Naye akaamini. Nilihisi nimeshinda, sijui nini.

Jumapili, 4 Mei

Simu imeita. Hajapokea.

Jumapili, 11 Mei

Simu imeita. Hajapokea. Mama mdogo ameniambia, "Mwambie asiposema na mimi sasa atasema lini?" Nikafikisha ujumbe. Mama akageukia ukutani.

Jumapili, 18 Mei

Kesho. Tumefungasha khanga mbili, sabuni, kandambili. Simu iliita saa kumi. Aliitazama mpaka ikanyamaza.

Nilimwomba aseme kitu cha mwisho kwenye maiki, chochote, hata jina langu. Akatikisa kichwa. Kabla ya kulala alinishika shavu, akalitaja jina langu bila maiki, taratibu. Nilimsikia vizuri sana.

Jumatatu, 19 Mei

Imekwenda salama. Saa sita nzima ndani. Yuko hai.

Jumatano, 21 Mei

Anapumua kwa shingo. Akikohoa hakuna mlio, hewa tu. Muuguzi anasema anaendelea vizuri na mimi nasema asante.

Jumamosi, 24 Mei



Nimerudi kutoka hospitali, mvua imekatika kidogo. Nilitaka kurekodi maneno ya kufungulia kipindi, kwamba msimulizi ni Honi na mimi ni mwanawe. Kiti changu kilikuwa kimejaa nguo zilizolowa, nimezitandaza zikauke. Nikakaa kwenye kiti cha Mama, nikageuza laptopu nione. Nikasema moja mbili.

Vichuguu.

Nikadhani unyevu umeingia. Nikachomoa waya, nikapangusa, nikachomeka. Moja mbili. Vichuguu. Nikaita kwa nguvu, kwa koo langu hili zima lisilo na uvimbe wowote, na mistari ikainuka kidogo, kama alivyokuwa akiinuka Mama alipokaza. Sawasawa na Mama.

Nikanyoosha mkono nikaigeuza ile maiki. Taa ya kijani ikanitazama. Nikasema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida. Mlima.

Nikaigeuza tena. Kichuguu. Nikaigeuza. Mlima. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi, nilikuwa nataka ikosee hata mara moja.

Inasikia mbele tu, Moja Mbili alisema. Mbele ni penye vitufe na taa. Mimi nilishika maiki kama kamera. Kwenye kamera vitufe ni vya mpigaji, na ule upande wa pili ndio unaomtazama mtu. Tangu siku ya kwanza mashine imenitazama mimi, na mgongo wake wa kiziwi nimempa Mama. Alikuwa anaongea nyuma ya mlango uliofungwa na mimi niko mlangoni namwambia kaza.

Kisha nikafanya nilichokuwa sijakifanya, nikasikiliza vyote mfululizo, vipindi vyote. Nimesikika vizuri mno. Kaza, Mama. Sikusikii. Rudia. Toa kifuani. Nikipumua nasikika, nikisogeza kiti nasikika, nikivuta pumzi ya kuchoshwa, hiyo ndiyo inasikika kuliko zote. Nyuma kabisa, kama mtu aliye nyumba ya tatu, kuna mwanamke anasimulia habari ya swichi. Unapata neno hapa na pale. Ukiongeza sauti umfikie yeye, mimi napasua spika.

Alitema damu kwenye leso kwa sababu mimi niligeuza kitu upande usio wake. Na sauti yake haikuwa imekwisha. Hilo ndilo siwezi kukaa nalo. Kaka alisikia, jirani alisikia, fundi alisikia. Mimi nilisikia.

Jumanne, 27 Mei

Nimekwenda wodini nikiwa nimeshapanga maneno. Mama alikuwa ameketi, amechanwa nywele na muuguzi, akafurahi kuniona, akasogeza midomo kuniambia kitu. Sikuelewa. Akarudia. Sikuelewa. Akaniandikia kwenye simu, "Umekula?"

Sikumwambia.

Jumanne, 3 Juni

Mama yuko nyumbani. Mvua zimekwisha, mtaa unanuka matope yanayokauka. Fundi wa kuchomelea amezima mashine yake tulipopita. Nilitamani asingeizima.

Jumapili, 8 Juni

Nimemwambia.

Nilimwambia mchana, baada ya kumsafishia lile tundu na kumfunga kitambaa. Sikutafuta maneno mazuri. Niliileta maiki mezani, nikamwonyesha upande unaosikia na upande usiosikia, nikamwonyesha nilivyoiweka, nikakaa kwenye kiti chake na kusema moja mbili, nikaigeuza nikasema tena. Nikamwambia, "Haikuwa wewe, Mama. Ilikuwa mimi. Sauti yako ilikuwepo muda wote."

Mama ni mtu wa mashine. Hakuhitaji kurudiwa. Aliishika maiki, akaizungusha, akaweka kidole kwenye wavu upande wa taa, kisha upande mwingine. Nilisubiri anipige. Kwa kweli nilitaka anipige. Akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akanipa.

"Kumbe nilikuwa nasikika."

Nikasema ndiyo. Nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, nikiwa nimeshika miguu yake, na yeye akanipapasa kichwani bila kunitazama. Alikuwa anatazama mbali kidogo nami, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu. Akaichukua tena simu.

"Basi ningempokelea mdogo wangu."

Nimesoma maneno hayo manne mara nyingi leo. Nilidhani nimemharibia kipindi. Nilikuwa nimemnyima zile Jumapili zote zilizobaki.

Tukakaa hivyohivyo mpaka saa kumi, na saa kumi simu ikalia. Nikainuka nikapokee kama kawaida yangu, nikaseme amepumzika. Mama akanizuia kwa mkono. Akapokea mwenyewe, akaiweka sikioni.

Nilimsikia mama mdogo kutoka nilipokuwa. "Dada? Dada, ni wewe?"

Mama akafungua mdomo. Nikaona kifua kinapanda, nikaona shingo inakaza, na pale kwenye tundu hewa ikatoka, ikatikisa kitambaa.

"Dada?"

Akanipa simu.

"Ni yeye, mama mdogo," nikasema. "Anakusikia."